Ushuhuda wa Ngazi Ishirini na Sita

Jambo la kwanza nililojifunza kuhusu tiba ya ozoni ni kwamba ukishaianza huwezi kuondoka.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Machi, saa nne na robo asubuhi, katika nyumba ya kupanga pale Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori yaendayo Zambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la ngozi bandia. Sindano ilikuwa imefungwa kwa plasta kwenye mkono wangu wa kushoto, na kutoka kwenye sindano hiyo mpira mwembamba ulipanda hadi kwenye chupa ya glasi iliyoning'inia juu ya kichwa changu. Ndani ya chupa ilikuwamo damu yangu mwenyewe, iliyotolewa dakika chache kabla. Nikamwambia mwenye kliniki kwamba nahitaji kwenda msalani.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti, koti lake jeupe limepigwa pasi vizuri. Akacheka bila dharau.

"Utakwendaje, mama? Damu yako iko huku. Subiri kwanza irudi kwako."

Nikasubiri dakika thelathini na tano. Nilizihesabu kwenye saa ya marehemu mume wangu, ambayo nimeivaa tangu siku aliyozikwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza damu ilitiririka kutoka mkononi ikaingia chupani, nzito, yenye rangi ya zambarau iliyoiva. Kisha akawasha kimashine chenye ukubwa wa redio, kilichounganishwa na mtungi wa oksijeni. Taa ya buluu ikawaka, na chumba kikajaa harufu ninayoijua kutoka kwenye vibanda vya fotokopi karibu na ofisi za wilaya, ile harufu kali inayobaki pia hewani radi ikishapiga jirani. Hiyo ndiyo ozoni, alisema. Akaivuta kwa bomba kubwa la sindano, akaisukuma ndani ya chupa, akaitikisa chupa taratibu kama mama wa kifugaji atikisavyo kibuyu cha maziwa. Damu ikabadilika mbele ya macho yangu. Ikawa nyekundu ya kung'aa, kama kitambaa kipya.

"Umeona, mama? Ule weusi ulikuwa uchafu. Sasa mwili utajitibu wenyewe."

Niliona. Mimi ni mtu wa kuamini ninachokiona, na hilo ndilo lililoniponza.

Sikupata shule utotoni. Nilizaliwa milimani, upande wa misheni, na baba aliwapeleka kaka zangu darasani, mimi nikabaki na jembe. Nilipofiwa na mume wangu, aliyekuwa fundi wa njia ya reli, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na sikuweza kusoma jina lake kwenye msalaba. Siku tatu kabla ya kifo chake nilikuwa nimeweka dole gumba kwenye karatasi niliyoambiwa kuwa ni ya kuchukulia dawa. Ilikuwa karatasi ya kumtoa wodini kwa hiari yetu. Aliyenisomea alikuwa ndugu wa ukoo, aliyechoka kulala hospitalini, na alinisomea alichotaka nisikie.

Mwaka uliofuata nikaingia darasa la watu wazima. Nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, na nilipofikisha miaka hamsini na miwili nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Tangu siku niliyojua kuandika tarehe sijaacha kuziandika. Nina madaftari kumi na manne. Kila siku ina mstari wake: mvua, mgeni, msiba, maumivu. Kanisani kwetu mjini Kilosa, watu wakibishana kuhusu siku ya ubatizo fulani au mwaka ambao mto uliingia sokoni, huniuliza mimi, na jibu langu hufunga mjadala. Naijua heshima hiyo uzito wake. Sikurithishwa na mtu yeyote.

Nilikwenda Mikumi kwa sababu ya magoti, na, kama nitasema yote, kwa sababu ya neno moja. Jumatano, tarehe 12 Februari, muuguzi mmoja kijana alinitazama goti la kulia kwa muda mfupi kuliko anaotumia mtu kuchagua nyanya. Akaandika kitu, akasema, "Ni umri tu, bibi. Yamechakaa. Utembee na mkongojo, usiuache." Pengine alisema kweli. Lakini aliniita bibi kabla ya kunipa shikamoo, na alisema "umri tu" kama mtu anayefunga dirisha la ofisi saa tisa na nusu. Akina mama wa kanisa walipoanza kuzungumza habari za kliniki ya Mikumi inayosafisha damu kwa hewa, mimi nilikuwa wa kwanza kuandika jina langu.

"Hewa?" aliuliza mtani wangu. "Mtani, watakujaza kama tairi. Ukipita kwenye miiba tutakusikia mpaka Dumila."

Lazima nimweleze mwanamke huyu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake ni kwamba ana ruhusa ya kunicheka mbele ya watu, hata msibani, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Anauza vitumbua karibu na stesheni, alimaliza darasa la saba kwa wakati wake, na hunikumbusha jambo hilo. Ameniita Bibi Kalenda kwa miaka isiyopungua kumi na mitano.

Jumanne ya tatu, tarehe 18 Machi, nilisahau mkongojo kule kliniki. Niligundua nikiwa nimeshafika Kilosa. Kesho yake kulikuwa na ibada ya Kwaresima jioni, na kanisa letu limejengwa juu, na mlangoni unafika kwa ngazi ishirini na sita za mawe. Ningeweza kubaki nyumbani. Ningeweza kuomba bega la mtu. Nilikuwa na zamu ya kusoma somo la kwanza, na sijawahi kukosa zamu. Nikapanda peke yangu, nikitazama mbele, huku nikiwa nimeuma shavu kwa ndani. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi nilikuwa juu.

Akina mama waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele. "Mkongojo uko wapi? Jamani, mama wa watu hana mkongojo!" Wakanishika mikono, wakanizunguka. Mmoja akalia. Nami nikatabasamu. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote, kama inaweza kuhesabiwa: nilitabasamu, nikanyamaza, nikaingia kusoma somo. Usiku ule goti lilivimba kama papai. Alhamisi na Ijumaa sikutoka kitandani. Jumamosi akaja mwenyekiti wa umoja wa akina mama kuniomba ushuhuda wa Jumapili.

"Wengine wakishuhudia watu wanapiga miayo," alisema. "Wewe una tarehe."

Nilikuwa na siku nzima ya kusema hapana. Nilitafuta namna ya kulisema bila kuonekana kwamba Jumatano niliwadanganya, na sikuipata. Basi Jumapili, tarehe 23 Machi, nikasimama. Nilisema kwamba tarehe 4, 11 na 18 nilitibiwa. Nilisema kwamba tarehe 19, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, nilipanda ngazi ishirini na sita bila mkongojo. Nilisema Mungu ni mwema. Kila neno katika ushuhuda ule lilikuwa la kweli, na ushuhuda wote ulikuwa uongo.

Nje, watu wakinipa mikono, mtani wangu alisimama mbele yangu na beseni lake kiunoni.

"Kama umepona, mtani, hebu cheza kidogo hapa tuone."

"Ni Kwaresima."

"Ahaa. Kwa hiyo Kwaresima imekataza ngoma, haikukataza ngazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sheria ya utani ndivyo inavyodai. Lakini yeye hakucheka. Alinitazama goti.

Mtu mmoja alikuwa ameurekodi ushuhuda wangu kwa simu. Kabla ya Jumatatu jioni ulikuwa umefika kwenye makundi ya kwaya, ya ukoo, ya watumishi wastaafu. Watu nisiowajua kutoka Rudewa walinisimamisha sokoni wakaninukulia saa na dakika. Sasa kurudi Mikumi hakukuwa tena jambo la hiari. Kila Jumanne nilitazamwa nikiondoka, na kila Jumanne nilikwenda, nikakaa chini ya chupa, nikasubiri damu yangu. Mwenye kliniki alinirudishia mkongojo wangu, nami nikawa nautumia chumbani mwangu tu, mapazia yakiwa yamefungwa.

Mtu aliyeona mapazia yakifungwa alikuwa wifi yangu.

Ni dada mdogo wa marehemu mume wangu. Tunakaa nyumba moja tangu mumewe alipofariki, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Ana kisukari cha miaka mingi na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Hatuna friji; dawa yake hukaa ndani ya kopo lililofunikwa vizuri, kopo likiwa ndani ya mtungi wa maji kwenye kona yenye ubaridi. Hasomi. Wakati mimi naingia darasa la watu wazima yeye alisema, "Tukienda wote nani atapika?" akabaki. Kwa hiyo kazi ya kuvuta dawa ilikuwa yangu: ninainua bomba kwenye mwanga wa dirisha, ninasoma mistari mpaka ishirini, ninampa, anajidunga mwenyewe. Kwa miaka tisa hakuwahi kuniuliza kama nimesoma sawa.

Kuhusu mapazia, yeye alielewa vingine. Hata zile siku mbili za kitandani, alidhani nafunga na kusali.

Jumanne, tarehe 1 Aprili, nilipochukua kopo mtungini, alisema, "Leo usivute, wifi. Nakwenda na wewe Mikumi."

"Kwenda nenda. Lakini sindano usiache."

"Wewe si uliacha mkongojo?"

Alisema bila ubishi, kwa furaha ya mtu aliyeona njia. Nilisimama na bomba tupu mkononi. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa fupi, neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nimeshalifungia mlango mbele ya kanisa zima. Nikarudisha kopo mtungini.

Kule Mikumi wifi alieleza ugonjwa wake, na mwenye kliniki alimsikiliza kwa uvumilivu ambao muuguzi wangu hakuwa nao. Akasema baadhi ya watu hupenda kuupumzisha mwili kutokana na dawa kali, uweze kuisikia ozoni. Hakumwamrisha kuacha. Mimi nilikuwa kochi la pili, nimefungwa na mpira, nikayasikia yote. Nilisema, "Daktari, sukari si goti." Akajibu, "Damu ni ileile, mama." Wifi akaitazama chupa yake ikibadilika kutoka weusi kwenda wekundu, akatabasamu kama binti.

Sitaorodhesha kila siku, ingawa zote zimo daftarini. Alianza kuamka kunywa maji. Akaanza kwenda msalani mara kwa mara. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto, alichokuwa amekipata kwa kandambili, hakikukauka. Kila asubuhi nilimwuliza, "Nivute?" na kila asubuhi alijibu, "Wewe ulipata siku ya tatu. Nami nangoja yangu." Nilimwomba twende hospitali, akasema tutakwenda baada ya siku ya tatu, tuwaonyeshe. Niliwahi kufungua kinywa, Jumamosi, tarehe 12 Aprili, tukichambua mchele. Nikasema, "Wifi, goti langu bado linauma kidogo." Akasema, "Mapya hayo. Goti lipi lisilouma kidogo?" Akaendelea kupepeta. Nikamwacha. Jioni nikaandika: Kidonda cha wifi kinatoa usaha. Sindano haijavutwa siku ya kumi na mbili. Nilijua kuandika. Nilikuwa nimejenga maisha yangu juu ya ujuzi huo, na wakati ule niliutumia kama mtu anayeandika maji yanavyopanda ukutani badala ya kufungua mlango.

Siku yake ya tatu ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Aprili. Mtani wangu alituambia anakuja nasi. "Nataka kuona mtani anavyopigwa pampu," alisema, lakini njia nzima alikuwa amemshika wifi mkono, na wifi alilala begani kwake tangu tunatoka Kilosa.

Chumba kilikuwa na makochi matatu. Mimi niliwekwa la kwanza, wifi la pili, na la tatu alikaa mama mmoja kutoka Rudewa, mnene, mchangamfu, aliyenisalimu kwa kusimama.

"Shikamoo. Ni wewe wa tarehe kumi na tisa? Nimekuja kwa ajili yako."

"Marahaba," nikasema.

Mtani alikaa kwenye stuli mlangoni, akimenya karanga. Mwenye kliniki akatutoa damu mmoja baada ya mwingine, akachanganya, akatundika. Kisha, kama zawadi kwangu, akawasha spika ndogo iliyokuwa juu ya kabati. Ilipiga pambio moja, halafu ikatoka sauti ya mwanamke, nyoofu, yenye kutamka kila silabi. Tarehe nne, kumi na moja na kumi na nane mwezi wa tatu nilitibiwa. Sikuitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya mtu wa kuaminiwa.

Wifi aliomba maji. Ilikuwa chupa ya nne tangu asubuhi. Aliinywa nusu, nyingine ikamwagikia kifuani, na hakuifuta. Pumzi yake ilikuwa ya haraka na ilinuka vibaya, kama embe lililoanza kuchacha. Kitambaa alichofungia mguu kilikuwa kimelowa.

"Wifi," nikasema, "tuondoke. Twende hospitali sasa hivi."

"Niache." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Ni siku ya tatu."

"Hakuna kitu siku ya tatu."

"Kwako kilikuwepo."

Spika ikasema: saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, nilipanda ngazi ishirini na sita bila mkongojo.

Nilitazama kushoto, kwenye mpira. Nilitazama kulia, na yule mama wa Rudewa alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, akiisikiliza sauti yangu. Nilifikiri, kwa sekunde ambazo bado nazionea aibu, kwamba labda ningesubiri tufike nyumbani, tuwe wawili tu.

"Sikupona," nikasema. "Wifi, mimi sikupona. Mkongojo niliusahau hapahapa. Nilipanda zile ngazi kwa kiburi, nikalala siku mbili."

Mama wa Rudewa akaacha kutikisa kichwa. Mwenye kliniki akageuka. "Mama, tafadhali, usiwatie hofu wagonjwa. Kila mwili una wakati wake."

Wifi alikuwa amefumba macho. "Unanionea wivu," alisema polepole. "Hutaki na mimi nipone. Ulisema mbele za Mungu. Ukataja na saa."

Hapo ndipo nilipoelewa ukuta niliokuwa nimeujenga. Neno langu la pili halikuwa na nguvu kwa sababu la kwanza nililijenga vizuri mno. Nikamwambia mtani achukue daftari kwenye mkoba wangu.

"Soma tarehe kumi na tisa Machi," nikasema.

"Asome yeye," wifi akasema. "Wewe usimwambie cha kusoma. Mtani hawezi kukubembeleza." Alimtazama kwa jicho moja. "Mtani, ukimfichia huyu nitakusubiri ahera."

"Mimi nimfichie Bibi Kalenda?" mtani akasema. "Nimengoja siku hii tangu nikiwa na meno yote." Akafuta mikono ya karanga kwenye kanga, akatafuta ukurasa, akaanza kwa sauti ya kunikejeli, akiiga namna ninavyosoma somo kanisani, kidevu juu.

"Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Nimepanda ngazi za kanisa bila mkongojo kwa sababu nimeusahau Mikumi. Goti la kulia..." Sauti ya kejeli ikamwisha. Akaendelea kwa sauti yake ya kawaida. "Goti la kulia maumivu makali. Tarehe ishirini. Sijatoka kitandani. Wifi ameniletea uji. Tarehe ishirini na moja. Sijatoka kitandani. Tarehe ishirini na mbili. Mwenyekiti amekuja. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali."

Spika ikasema Mungu ni mwema, na pambio likaanza tena.

Wifi aliutazama mkono wake wenye sindano. Kisha akamwambia mwenye kliniki, "Toa."

"Damu yako bado haijarudi, mama. Dakika kumi na tano tu."

"Toa."

Akaitoa sindano, akabana pamba. Mtani alikuwa ameshamwinua kwa makwapa. Mimi sikumsubiri anifikie. Nilibandua plasta mwenyewe, nikavuta, nikabana mkono kwa kanga na kuinuka, na goti likakataa, nikainuka tena. Chupa mbili zilibaki zinaning'inia, nyekundu na safi kwa macho. Damu ile ilimwagwa wapi, mpaka leo sijui.

Hospitali haikuwa mbali. Bajaji ilitufikisha kwa dakika saba. Walipompima kidole, mashine haikuonyesha namba yoyote, iliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Muuguzi wa pale, mwanamke wa rika la mwanangu, aliniuliza tangu lini hajajidunga.

"Tangu asubuhi ya tarehe 1 Aprili. Siku kumi na tano, ukihesabu leo."

Akainua macho. "Angalau kuna mtu anayejua tarehe," alisema, na alikusudia kunisifu.

Baadaye, wifi akiwa na dripu mbili na mimi nimekaa kwenye benchi, nilimwuliza kuhusu rangi. Niliona kwa macho yangu, nikamwambia, damu nyeusi ikawa nyekundu.

"Damu ya kwenye mshipa ikikutana na oksijeni hung'aa, mama. Ni tabia yake. Hata ya mtu anayekufa ingeng'aa."

Alhamisi, tarehe 24 Aprili, walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Aliishi. Aliporuhusiwa, Jumamosi, tarehe 10 Mei, alipanda gari kwa kunishika bega, wala hakunishukuru, na sikuona sababu ya kunishukuru.

Jumapili, tarehe 27 Aprili, wakati bado yuko wodini, nilikuwa nimesimama tena kanisani. Nilipanda zile ngazi na mkongojo, ngazi moja moja, na watu walionisubiri juu walitazama pembeni. Nilisoma kutoka daftarini, tarehe 18 Machi hadi tarehe 15 Aprili, bila kupunguza. Hakukuwa na vigelegele. Mwenyekiti alishukuru kwa sauti ndogo akatangaza wimbo. Hakuna aliyenirekodi. Ushuhuda wa kwanza bado unazunguka kwenye simu za watu. Wiki mbili zilizopita mwanamke mmoja alinisimamisha karibu na stesheni akaniuliza njia ya kwenda kwa yule daktari wa Mikumi. Nilimwambia yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini ile sauti yako, mama, ilikuwa na uhakika." Mama wa Rudewa, nimesikia, anaendelea na Jumanne zake. Husema nilikata tamaa mapema.

Wifi ameanza tena sindano. Hatujawahi kuzungumza kuhusu siku ile. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, natoa kopo mtungini, navuta dawa, nainua bomba kwenye mwanga wa dirisha, nasoma mistari mpaka ishirini. Kisha sifanyi kitu kingine. Nakaa ukingoni mwa kitanda chake na bomba mkononi, naye anakaa na mkono wa gauni umepandishwa, tukimsubiri mtani apite na beseni lake la vitumbua. Asubuhi nyingine anachelewa. Siwezi kuliweka chini lile bomba, wala kuinuka, wala kusema, "Wifi, ni ishirini." Niliwahi kusema mara moja. Akajibu, "Nimesikia. Tumsubiri mtani."

Mtani huingia bila hodi, hulichukua bomba, hukunja jicho.

"Ishirini," husema. "Leo hajadanganya."

Ndipo wifi hunyoosha mkono kulipokea, kutoka kwake.